Hema Lenye Kiraka Chekundu

Msomaji wa wasifu wa marehemu alipotamka kwamba baba mdogo Ambilikile alikuwa mwindaji hodari katika ujana wake, niliinamisha kichwa. Waliokaa karibu nami walidhani nimeanza kulia. Mama mmoja akanipapasa mgongo na kuniambia nijikaze. Nilijikaza kweli, maana kicheko kilikuwa kimeshafika kooni.

Mvua ya Mbeya ilikuwa inanyesha. Tulikaa chini ya turubai jeupe lenye vishada vya rangi ya dhahabu pembeni, ambalo wanawe walilikodi kwa sababu linatoka vizuri kwenye picha. Lilivuja juu ya jeneza, juu ya kwaya, juu ya mchungaji. Nina stashahada ya ufundi wa vitambaa niliyoisotea ughaibuni, kwenye viwanda ambako mashine moja ni ndefu kuliko uwanja wa kanisa lile, na nilihitaji kulitazama turubai lile mara moja tu kujua lingetufanyia nini. Sikumwambia mtu. Nilisogeza kiti changu chini ya upenu wa nyumba, nikakaa pakavu, nikawatazama wasomi wa ukoo wetu wakijifuta vichwa kwa leso.

Ndipo vijana walipoburuta turubai kuukuu la lori ili wafunike kuni. Lilipoloa likatoa ile harufu. Ninyi wa rika langu mnaijua: mafuta ya mnyama, moshi, tumbaku na uzi wa pamba uliozeeka. Tangu nirudi nchini sikuwa nimeinusa. Nikaacha kusikiliza wasifu, kwa sababu wasifu wa kweli nilikuwa nao mimi.

Nililetwa kwa baba mdogo nikiwa mtoto mdogo, kutoka kwenye mashamba ya kahawa ya baba yangu huko milimani. Baba alinikabidhi kwa mdogo wake kwa sababu moja tu: nisome. Baba mdogo alikuwa karani bomani. Alivaa kaptura nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali, soksi ndefu na kofia ngumu kama ya Bwana Shauri, Mzungu wa boma, na alitembea kama Bwana Shauri, mikono nyuma, akitazama mifereji ya watu wengine. Aliahidi kwamba angenipeleka shule. Nilipofika akanipa ndoo.

"Nikioa, mke wangu atakufundisha," alisema. "Kwa sasa chota maji."

Mke mwenyewe alikuwapo, angalau kwa maneno. Mwalimu Paulina alikuwa Mhehe wa Kilolo, akifundisha shule ya misheni hukohuko kwao. Alikuja Mbeya mara moja kumsalimia bibi, aliyekuwa akitupikia. Aliponikuta uani akavunja kijiti, akaandika jina langu kwenye vumbi na kuniambia, "Huyo ni wewe." Kuku akapita juu yake. Nilimfukuza kuku yule kwa hasira ambayo bado ninayo. Tangu siku hiyo nilikuwa na ombi moja tu duniani, kwamba baba mdogo aoe, na aoe yule.

Lakini baba yake Mwalimu, Mzee Kihwele, hakuvutiwa na kofia. Alikuwa mzee wa kanisa na mwindaji wa gobole, na alituma jibu fupi: kijana aje tuwinde pamoja bondeni Usangu, mbali na barabara, kabla mbuga hazijajaa maji. Nikilala naye porini nitamjua. Nikimjua nitasema.

Mwanamume mwingine angetafuta baruti na viatu. Baba mdogo alisema, "Nitahitaji hema."

Wawindaji wa kwetu hawakujua mahema. Walikata matawi, wakaezeka nyasi, wakalala. Lakini baba mdogo alikuwa amewaona Wazungu wakienda safari, na kwake uwindaji ulikuwa hasa kiti cha kukunja, taa ya kuning'iniza na hema. Mnyama alikuwa nyongeza.

Siku hizo wachimba dhahabu wa upande wa Chunya walikuwa wakiondoka mmoja baada ya mwingine, na vitu vyao vikiuzwa mnadani mjini. Jumamosi moja baba mdogo akanibebesha mwavuli, tukaenda. Dalali alikuwa Mhindi mnene mwenye sauti iliyokwisha. Mahema yalikuwa mawili, yamesimamishwa uwanjani yakitazamana. Moja lilikuwa jeupe, jembamba, lenye madirisha ya wavu na ukumbi mdogo mbele. Nadhani lilishonwa kwa ajili ya mabibi wa Kizungu kunywea chai bustanini. La pili lilikuwa na rangi ya tope, zito, paa juu ya paa, kamba nene kama mkono wangu, na ubavuni lilikuwa na kiraka chekundu kilichokatwa kwenye blanketi na kushonwa kwa mkono wa mtu asiye fundi.

"Hili la nani?" baba mdogo aliuliza, akilisukuma lile la rangi ya tope kwa ncha ya kiatu.

"La marehemu," dalali akajibu. "Mzungu mchimba dhahabu. Lakini zima, karani. Paa mbili. Hata nyati akiliegemea litasimama."

"Marehemu alifia wapi?"

Dalali alikuwa mkweli kupita mahitaji ya kazi yake. "Humohumo. Angefia wapi tena? Hakuwa na nyumba."

Watu waliokuwa wameshika kamba wakaziachia. Kwetu nyumba aliyofia mtu haikaliwi hivihivi. Ndugu wa marehemu huzima moto wake, humwaga majivu nje, kisha huwashwa moto mpya, na hapo ndipo mtu anaweza kulala humo. Sasa Mzungu yule ndugu zake walikuwa wapi? Na hema halina jiko. Kama halina jiko halina majivu, na kama halina majivu hakuna cha kumwaga, basi kifo chake bado kimo ndani. Hesabu hiyo kila mtu pale uwanjani aliifanya mara moja, Wanyakyusa, Wasafwa na Wasangu, waliobatizwa na wasiobatizwa.

"Karani, nunua tu," mwanamume mmoja akasema. "Utapata mwenzako wa kulala naye."

"Atakufundisha na Kiingereza," akaongeza mwingine.

Wakacheka. Baba mdogo akanyoosha shingo. "Mimi si mtu wa mambo ya kishenzi," alisema. "Hema hili tatizo lake ni moja. Halina madirisha."

Nilikuwa mtoto na niliamini maneno kama yalivyo. Nilielewa kwamba marehemu yumo ndani na kwamba wanauzwa pamoja, kama kitanda na godoro lake. Harufu iliyotoka mlangoni ilinithibitishia. Nilimwonea huruma Mzungu yule, kukaa gizani wakati watu wanabishana kuhusu madirisha.

Kisha mvua ikaja, namna inavyokuja Mbeya, bila kuomba njia. Watu wakakimbilia baraza za maduka. Baba mdogo akanipokonya mwavuli na kuingia kwenye hema jeupe. Baraza zilishajaa migongo ya watu wazima. Palipobaki ni pale ambapo hakuna aliyekwenda. Nikainama, nikaingia kwa marehemu.

Nilitarajia maiti. Nikakuta pakavu.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na giza la rangi ya chai, harufu ile, na juu yangu mvua ikipiga kama watu wanaotwanga mbali. Hakuna tone lililopita. Nilikaa chini, nikagusa ardhi. Ilikuwa vumbi, vumbi la kuandikia. Nikachora kwa kidole alama nilizozikumbuka za jina langu. Kupitia mlangoni nilimwona baba mdogo ng'ambo, kwenye hema lake la madirisha, akimwonyesha dalali jinsi kitambaa kilivyo imara. Alikigonga paani kwa ncha ya mwavuli. Siku hizi naweza kuwaeleza kwa lugha ya kiwandani kwa nini kitambaa chembamba kilicholoa hakiguswi kwa ndani. Siku ile niliona tu maji yakishuka kutoka pale alipogonga, yakifuata mwavuli, yakiingia kwenye mkono wa shati lake. Akagonga pengine. Pakavuja pengine.

Mvua ilipokatika alitoka ameloa mgongo mzima, akalinunua hema jeupe.

"Baba mdogo, lile jingine halivuji," nilimwambia njiani.

"Nani alikuuliza?"

"Niliingia. Marehemu hayumo."

Alisimama katikati ya barabara. Alinitazama mikono, akanitazama miguu, kama anayetafuta kitu kilichoninata. Nyumbani alimwambia bibi aninawishe kwa maji ya moto, na kwa siku kadhaa hakupokea chakula kutoka mkononi mwangu. Huyo ndiye asiyejua mambo ya kishenzi.

Siku ya safari tuliteremka kwa lori hadi Chimala, alikoolewa shangazi. Baba mdogo alinichukua makusudi, ili mkwe aone kwamba analea watoto wa ndugu zake. Kambi ya kwanza ilikuwa mwendo wa kutosha kutoka kwa shangazi, ng'ambo ya kijito, pale mashamba ya mpunga yanapoishia na mbuga inapoanza. Mzee Kihwele ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alisema kabla ya kumfuata mtu porini ni vizuri kumwona kwanza mlangoni mwa pori.

Mimi na shangazi tulifika mchana na chungu cha wali na samaki. Baba mdogo alikuwa ameshasimamisha hema lake na kukaa mbele ya ukumbi wake kwenye kiti cha kukunja. Mzee Kihwele akatoka nyuma ya vichaka na mzigo wa kuni. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye koti la jeshi lililochakaa mabegani.

"Kamwene," alitusalimu. Kisha akalizunguka hema jeupe polepole. "Hapa kuna harusi?"

"Ni hema la kuwindia, baba," baba mdogo akasema.

"Linawinda nini?"

Shangazi akajifanya anakohoa.

Hema la mzee lilikuwa upande wa pili wa miti, chini kidogo ya kichuguu. Niliona kiraka chekundu kabla sijaliona lenyewe. Baba mdogo naye alikuwa ameshakiona. Nilijua kwa jinsi alivyogeuza kiti chake kikatazama kwingine.

Alasiri upepo ulishuka kutoka kwenye safu ya milima nyuma ya Chimala, na mvua ikiwa mgongoni mwake. Hema jeupe lilijaa upepo kama kibofu. Vigingi vyake, vifupi kama penseli, viling'oka kwa mpangilio, upande wa kulia kwanza. Kisha nguzo ikalala, na baba mdogo akiwa ndani. Tuliona umbo lake likitambaa chini ya kitambaa kilichomgandia, likitafuta mlango na kukuta dirisha. Alitokea dirishani, na kofia ngumu.

"Ingieni huku," mzee aliita.

Niliingia wa kwanza. Shangazi alisita, naye alikuwa ameshasimuliwa habari za mnada, lakini aliponiona nimekaa akafuata, akinong'ona Baba Yetu. Ndani palikuwa vilevile, giza la chai na harufu ile. Palikuwa na nafasi ya kulaza ng'ombe.

Baba mdogo alisimama nje, hatua chache kutoka mlangoni, amekumbatia hema lake kama nguo zilizoanuliwa haraka.

"Karani, ingia."

"Niko sawa, baba. Mvua inapungua."

Mvua haikuwa inapungua.

"Unaogopa nini?"

"Mimi ni Mkristo, siogopi kitu. Ila humo mmejaa."

Mzee alitazama huku na huku ndani ya hema, akatafuta watu waliolijaza. Shangazi alitazama chungu. Nikaona kwamba kama hakuna atakayesema, jambo hili halitaisha, na Mwalimu hatakuja. Niliamini, kwa akili ya mtoto, kwamba mzee akijua tu ataliondoa tatizo, kama mtu anavyoondoa mwiba. Nikasema.

"Anaogopa marehemu. Kuna Mzungu alifia humu na majivu yake hayajamwagwa."

Shangazi akanifinya. Mzee akaniangalia.

"Wewe umejuaje?"

"Lilikuwa kwenye mnada wa Mbeya. Watu walilikataa."

"Kumbe," akasema. "Ndiyo maana dereva wa lori aliyeniuzia pale Iringa alikuwa anacheka." Akaongeza kuni kwenye moto wake mdogo uliokuwa mlangoni chini ya upenu. "Basi nimelala humu. Moto nimewasha mimi, na asubuhi nimemwaga majivu. Aliyelala humu ndiye ndugu yake." Kisha akapaza sauti. "Karani, umesikia? Majivu yameshamwagwa."

"Nimesikia, baba. Nangoja ikatike."

Akangoja. Hata leo nashindwa kumwonea huruma. Palikuwa na moto, wali na mkwe aliyekuwa akimwita kwa jina la kazi yake, na msomi yule alisimama kwenye tope akitetemeka, akikumbatia madirisha. Mvua ilipomaliza, midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu yaleyale aliyoyaogopa.

Mzee alikuwa ameshakula. Alinawa, akazungumza na shangazi bila kuinua sauti. "Hema kuanguka si neno. La kwangu la kwanza liliangushwa na fisi. Lakini mtu ameitwa ndani, amekaa nje. Binti yangu nitamwambia nini? Akiugua nyumbani kwake, akifa, huyu atalala wapi?"

"Kwa hiyo Mwalimu haji tena?" nikauliza.

"Haji."

"Sasa nani atanifundisha kusoma?"

Shangazi akanifinya tena. Nikasogea, nikaenda upande wa pili wa moto ambako mkono wake haukufika, na kwenye vumbi kavu la hema lile nikachora jina langu kwa kidole. Herufi mbili zilikuwa zimegeuka nyuma mbele. Mzee aliinama kuzisoma.

"Nani alikufundisha?"

"Binti yako. Mara moja."

"Na ulijua kwamba humu kuna marehemu. Mbona uliingia?"

"Nilishaingia Mbeya. Hakuna mtu. Ni pakavu tu."

Alicheka mpaka akatoa machozi, akajifuta kwa koti la jeshi. Kisha akasema, si kwangu bali kwa shangazi, "Mwambieni baba wa huyu aje Kilolo. Kama mwalimu haji kwa mtoto, mtoto aje kwa mwalimu."

Hivyo ndivyo nilivyofika kwenye ukungu wa Kilolo, kwenye benchi la mbele la Mwalimu Paulina, na kutoka hapo kila mahali nilikofika. Wako watu wa ukoo wetu wanaosema niliinuliwa. Hakuna aliyeniinua. Mlango ule ulikuwa wazi kwa wawili, mwenye kofia na mwenye ndoo, na kila mmoja aliitwa kwa sauti ileile.

Baba mdogo alirudi Mbeya kabla uwindaji haujaanza. Alieleza watu kwamba ameuvunja uchumba mwenyewe kwa sababu Wahehe hawana ustaarabu. Hema jeupe likawa mapazia. Baada ya miaka nyati akaingia kwenye hadithi, baadaye simba, na sasa nyati na simba hao wamesomwa mbele ya mchungaji kwa kipaza sauti.

Tulimzika na mvua yetu. Jioni nikauliza nitalala wapi. Wanawe wakatazamana. Mkubwa ni mhandisi, wa pili ana digrii mbili. Nyumba ina vyumba vingi, lakini usiku huo wote walikuwa wamejipangia nyumba ya wageni kule barabarani, na wake zao tayari walikuwa wanabeba mabegi.

"Dada, tumekuwekea nafasi kulekule," mkubwa aliniambia. "Humu hapafai. Kuna vumbi."

"Chumba cha marehemu je?"

"Hicho ndicho hasa," alisema, akitazama funguo zake za gari. "Hakipitishi hewa. Hakina madirisha ya maana."

Nilimtazama usoni. Shingo ilikuwa ya baba yake, imenyooshwa vilevile. Nilibeba begi langu, nikafungua mlango wa chumba alichofia baba mdogo. Kilikuwa na kitanda kilichotandikwa, kofia ngumu juu ya kabati na, dirishani, pazia jeupe lililochakaa lenye kipande cha wavu katikati. Niliwasha jiko la mkaa barazani, nikachemsha chai, nikanywa peke yangu, nikalala. Mvua ilipiga bati usiku kucha na hakuna tone lililonifikia.

Wanawe walirudi asubuhi na mkate. Walinikuta uani, mimi niliyemdharau mtu yule maisha yangu yote na sikuanza kumheshimu siku hiyo, nimeinama na sufuria kuukuu, ninamwaga majivu yake.